Riba inapobadilika: wapi pa kuweka akiba kati ya Nakivale na Mbarara

Kati ya Juni na Oktoba 2022, Benki Kuu ya Uganda ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7.5 hadi 10, baada ya kuiacha kwenye asilimia 6.5 kwa karibu mwaka mzima. Mwaka 2024 riba hiyo ilifika asilimia 10.25 mwezi Aprili, kisha ikashushwa hadi 9.75 ilipofika Oktoba. Kwa mkazi wa Nakivale anayehifadhi faida ya duka au mauzo ya mahindi, tarakimu hizo huonekana kuwa mambo ya Kampala. Hata hivyo, ndizo zinazosukuma viwango vinavyobandikwa kwenye milango ya benki za Mbarara.

Riba ya Benki Kuu si ile anayolipwa mwenye akaunti. Ni kipimo ambacho benki hutazama zinapopanga bei ya fedha, na mara nyingi riba ya mikopo huwahi kupanda huku ile ya akiba ikijikokota nyuma. Akaunti ya kawaida ya akiba, ambayo mteja huweka na kutoa fedha apendavyo, hulipa asilimia chache tu, na benki inaweza kubadili kiwango chake wakati wowote. Amana ya muda maalumu hulipa zaidi kwa sababu fedha hufungwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka, na kiwango kilichoandikwa siku ya kutia saini hakibadiliki hadi muda uishe.

Uthabiti huo una pande mbili. Aliyefunga fedha zake kwa mwaka mmoja mwanzoni mwa 2022 alibaki na kiwango cha chini huku wengine wakiahidiwa zaidi. Aliyezifunga Aprili 2024 hakuguswa na mteremko uliofuata. Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa yakini Benki Kuu itaamua nini kikao kijacho, wengi hugawa fedha mafungu matatu yenye muda tofauti, ili kila baada ya miezi michache fungu moja liive na liweze kuwekwa upya kwa kiwango cha wakati huo.

Hesabu ya nauli

Tangazo la riba huonyesha kiwango cha mwaka mzima kabla ya kodi. Asilimia 10 kwa amana ya miezi mitatu, kwa hiyo, ni asilimia 2.5 tu ya fedha zilizowekwa. Juu ya hilo, serikali hukata asilimia 15 ya riba yenyewe, na benki huiondoa kabla mteja hajaiona.

Tuseme mtu ana shilingi 600,000. Benki moja ya Mbarara inampa asilimia 10 kwa mwaka: riba ni 60,000, na baada ya kodi hubaki 51,000. Ikiwa nauli ya kwenda na kurudi ni 20,000, naye akasafiri mara mbili, kufungua na kufunga amana, amebakiwa na 11,000. Jirani yake ameweka kiasi hicho hicho ndani ya makazi kwa asilimia 3. Anapata 18,000, na baada ya kodi 15,300, bila kupanda gari. Riba ndogo imeshinda. Lakini kwa shilingi milioni 3 mambo hugeuka: wa Mbarara anabaki na 215,000 baada ya kodi na nauli, wa makazini 76,500.

Kisha kuna mfumuko wa bei. Oktoba 2022 ulifika asilimia 10.7 kwa mwaka nchini Uganda, wakati mafuta ya kupikia, sabuni na petroli vilipokuwa vimepanda bei. Mwaka kama huo, wote wawili wangepoteza uwezo wa kununua hata kama daftari la benki linaonyesha fedha zimeongezeka. Kwa yule wa asilimia 3, mfumuko wa asilimia 4 tu unatosha kumla.

Ndani ya makazi

Nakivale, ambayo wengi huiita kambi ingawa rasmi ni makazi, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na leo ina watu kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Kwa muda mrefu aliyetaka benki alilazimika kusafiri. Sasa taasisi kama UGAFODE na Opportunity Bank zimefika kwa wakimbizi wenyewe, na hupokea kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kabla ya kufunga fedha kwa mwaka, ni vyema kuuliza itakuwaje kitambulisho kikiisha muda katikati.

Swali la pili ni la ulinzi. Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda humlipa mteja hadi shilingi milioni 10 katika kila taasisi iwapo itafungwa. Unahusu benki za biashara, taasisi za mikopo na taasisi ndogo za fedha zilizoruhusiwa na Benki Kuu kupokea amana. Hauhusu vyama vya akiba na mikopo, wala vikundi vya kijijini, wala mtu anayepita mlangoni akiahidi kuzidisha fedha.

Vikundi hivyo, hata hivyo, mara nyingi huleta faida kuliko benki yoyote. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ya mwezi, na mwisho wa mwaka hugawana. Riba ya Benki Kuu haiwagusi moja kwa moja. Faida inatoka mifukoni mwao wenyewe, na wakopaji wakishindwa kulipa, kama inavyotokea msaada wa chakula unapopunguzwa, mgao hupungua kwa wote. Sanduku lenye kufuli tatu huzuia wizi. Halizuii deni baya. Likelemba ya Wakongo ni jambo jingine: ni zamu ya kupokea fungu, haina riba.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, sheria ya Uganda iliruhusu benki za Kiislamu mwaka 2016, na Salaam Bank ilipewa leseni 2023.

Fedha za dharura hazifai kufungwa popote. Anayevunja amana kabla ya muda kwa kawaida hupoteza riba yote au sehemu kubwa yake, na aliyeziweka kwenye simu hulipa ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi anachotoa. Masharti ya kuvunja amana huwa yameandikwa kwenye fomu ya kufungulia akaunti, mara nyingi kwa Kiingereza, na mteja ana haki ya kuomba asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia saini.