Hewa ya MV Bukoba

Kwa fundi pancha wa Kariakoo, geji inakusomea presha. Kiasi cha hewa unapiga hesabu mwenyewe. Na hesabu hiyo si mchezo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikaendelea kuelea kwa hewa iliyonaswa ndani. Ikatobolewa ili watu watolewe. Hewa ikachomoka, meli ikazama. Wakaja wapiga mbizi wa jeshi la majini la Afrika Kusini.

Chukua mtungi wa lita 12, bar 200: kama lita 2,400 za hewa. Juu ya maji, ukivuta lita 20 kwa dakika, unapata saa mbili. Tuseme uko mita 25 chini: presha ni mara tatu na nusu, na kwa kanuni ya Boyle ya 1662, kila pumzi inakula hewa mara hizo hizo. Zinabaki dakika 34. Kompyuta ya kuzamia inakuhesabia hayo mkononi, ila ukihema kwa hofu (nani asingehofu mle?) hata hizo zinapungua, na bado hujatoa hewa ya kupandia.