Ugatuzi, vyama na huduma za ustawi wa jamii katika Meru na Embu

Mkongwe aliyetimiza miaka 70 katika kijiji chochote cha Mbeere anastahiki Sh2,000 kwa mwezi kutoka kwa serikali ya kitaifa, chini ya mpango wa Inua Jamii, na chifu ndiye huhusika na usajili wake. Akiugua, huenda katika zahanati inayosimamiwa na serikali ya kaunti. Mjukuu wake wa miaka mitano husomea shule ya chekechea ya kaunti, lakini akiingia darasa la kwanza huwa chini ya mwalimu aliyeajiriwa na Nairobi. Akifika shule ya upili na karo ikakosekana, mzazi hubisha hodi katika afisi ya mbunge kuomba basari.

Mgawanyo huu haukutokana na mpango mmoja. Ni zao la mvutano wa miongo mingi baina ya vyama kuhusu mahali panapofaa kukaa mamlaka na fedha.

Asili yake ni enzi ya ukoloni. Kufuatia sheria ya 1924, Meru na Embu, kama maeneo mengine ya Waafrika, zilipata mabaraza ya wenyeji yaliyoruhusiwa kutoza kodi ndogo ili kujenga shule na zahanati. Makanisa nayo yalishika upande wa hospitali: misheni ya Kiskoti ilianzisha Chogoria mwaka 1922, Wamethodisti wakawa Maua, na Wakatoliki wa Consolata wakawa Nkubu. Kwa hiyo kabla ya uhuru mwananchi alizoea kuona huduma zikitoka karibu naye, ingawa zilikuwa haba.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilileta majimbo. Chama cha KADU, chake Ronald Ngala, kiliyataka kwa kuhofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa. KANU ya Jomo Kenyatta iliyakubali shingo upande. Meru na Embu, zilizokuwa katika Mkoa wa Kati, ziliwekwa katika Jimbo la Mashariki pamoja na Ukambani na wilaya za kaskazini, na mji wa Embu ukawa makao makuu. Hata hivyo, wanasiasa wakuu wa eneo hilo, Jackson Angaine wa Meru na Jeremiah Nyagah wa Embu, walikuwa wafuasi wa KANU. Chama kilichotawala jimbo hilo hakikuwa na haja ya jimbo lenyewe.

KADU ilijivunja Novemba 1964, na Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata serikali ya KANU iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma, ahadi kubwa iliyotimizwa kutoka Nairobi, si kutoka Embu. Pigo la mwisho halikumbukwi sana, nalo lilikuwa zito kuliko kufutwa kwa majimbo. Sheria ya 1969 ilizinyang'anya halmashauri za wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, pamoja na kodi iliyozigharamia, na kuyakabidhi yote kwa serikali kuu. Ni baadhi ya miji mikubwa tu iliyosazwa. Halmashauri za Meru na Embu zilibakiwa na masoko, vichinjio na leseni.

Pengo hilo lilizibwa na harambee. Shule na vituo vya afya vilijengwa kwa michango, na aliyetoa mchango mkubwa ndiye aliyepata kura. Mwaka 1971 kilianzishwa chama cha GEMA kuwaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kwa maandishi kilikuwa chama cha ustawi wa jamii. Kwa vitendo, hasa chini ya uenyekiti wa Njenga Karume kuanzia 1973, kilikuwa nguvu ya kisiasa ambayo KANU yenyewe iliiogopa. Kilivunjwa mwaka 1980 pamoja na vyama vingine vya kikabila. Hali ikazidi kuwa ngumu serikali iliporudisha ada za hospitali mwaka 1989.

Ushindi wa NARC mwaka 2002 ulifungua ukurasa mwingine: elimu ya msingi bila malipo na Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, vyote vya 2003, kisha malipo ya majaribio kwa familia zinazolea mayatima kuanzia 2004. Yote hayo yalipangwa Nairobi. Ugatuzi wenyewe ulibaki neno la kutiliwa shaka mlimani, kwa kuwa wengi walilisikia kama majimbo yaliyobadilishiwa jina. Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba wakati huo alikuwa Kiraitu Murungi wa Meru, na rasimu iliyokataliwa katika kura ya maamuzi ya 2005 ilikuwa imepunguza makali ya ugatuzi uliopendekezwa Bomas. Kiraitu huyohuyo alikuja kuwa gavana wa Meru mwaka 2017, na mwaka 2022 akatetea kiti chake bila mafanikio kwa tiketi ya chama chenye neno 'ugatuzi' katika jina lake la Kiingereza. Siasa za Kenya hazikosi mzaha.

Katiba ya 2010 ilirudisha kwa kaunti kile kilichotwaliwa mwaka 1969, ila si chote. Zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya kiufundi vya vijijini ni vya gavana. Shule za msingi na za upili, sera ya afya na hospitali kuu za kitaifa zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kaunti zote 47 hugawana kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Madhara ya mpaka huo yalionekana upesi. Serikali ya kitaifa ilitia saini mkataba wa mishahara na madaktari Juni 2013. Agosti mwaka huohuo huduma za afya zikakabidhiwa kaunti. Madaktari walipogoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kila upande ulimnyooshea mwenzake kidole. Mwenyekiti wa Baraza la Magavana wakati huo alikuwa Peter Munya wa Meru, aliyechaguliwa mwaka 2013 kwa tiketi ya APK, chama rafiki kwa Jubilee. Urafiki wa vyama haukufungua hospitali hata moja.

Lakini mfano bora zaidi ni hospitali za Meru na Embu zenyewe. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa hospitali 11 za kiwango cha tano nchini, ambazo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka kaunti jirani. Embu huhudumia watu wa Kirinyaga na Tharaka-Nithi pia. Wagonjwa hao hawampigii kura gavana wa Embu, wala mgao wa fedha za kaunti zao hauwafuati hadi wadini. Kwa sababu hiyo serikali ya kitaifa ilitenga ruzuku yenye masharti, iliyofikia takriban Sh4.3 bilioni kwa mwaka kwa hospitali zote 11. Meru na Embu zilipata zaidi ya Sh300 milioni kila moja. Fedha hizo hazikuruhusiwa kutumiwa kwingine.

Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 ruzuku hiyo iliondolewa na fedha zake kuunganishwa katika mgao wa kawaida. Mgao wa Meru ukapanda hadi takriban Sh9.5 bilioni na wa Embu hadi takriban Sh5.1 bilioni. Kwa hesabu ya juujuu hakuna aliyepoteza. Hata hivyo, masharti yalitoweka: gavana na wawakilishi wadi wako huru kupeleka fedha hizo katika barabara ya wapiga kura wao badala ya kitanda cha mgonjwa wa Chuka.

Wamarekani wanaujua mtego huu. Sheria ya Hifadhi ya Jamii aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt mwaka 1935 iliweka pensheni ya wazee mikononi mwa serikali ya shirikisho, lakini msaada kwa watoto maskini ukaachiwa majimbo. Wabunge wa Democratic kutoka kusini walitaka hivyo, ili Washington isiwapangie nani katika watu weusi asaidiwe. Mwaka 1996 msaada huo uligeuzwa kuwa fungu moja lisilobadilika, na majimbo mengi yakauelekeza kwingine. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kukataa kupanua bima ya Medicaid kwa maskini. Kufikia 2025 majimbo 10, mengi yakiwa ya kusini, yalikuwa bado hayajaipanua. Tofauti kubwa ni kwamba majimbo ya Marekani yana kodi zao kubwa, ilhali kaunti zetu hutegemea zaidi Hazina ya Kitaifa, na ikichelewesha mgao, wahudumu wa afya hukosa mishahara.

Udhaifu wa vyama huongeza utata. Kawira Mwangaza alichaguliwa gavana wa Meru mwaka 2022 akiwa mgombea huru. Mpango wake wa Okolea, uliowagawia maskini ng'ombe, magodoro na nyumba, ulimpa umaarufu, na wapinzani wake wakahoji mpaka kati ya hisani ya mtu binafsi na mali ya umma. Bila chama cha kumkinga bungeni, alitimuliwa na wawakilishi wadi mara tatu. Seneti ilimwokoa Desemba 2022 na Novemba 2023, ikaidhinisha kuondolewa kwake Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikaukubali uamuzi huo Machi 2025. Naibu wake, Isaac Mutuma, akachukua usukani.

Mivutano hiyo yote haikugusa Sh2,000 za mkongwe, kwa sababu fedha hizo hazipitii katika kaunti. Matibabu yake ndiyo yaliyo kwa gavana. Na bima ya matibabu hayo, iliyokuwa ya NHIF tangu 1966, ilihamishwa Oktoba 2024 hadi Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo ni ya serikali ya kitaifa: mwanachama huchangia Nairobi, na hospitali ya Embu ikishamtibu hupeleka madai huko na kusubiri kulipwa.