Ufahamu: Njia Mbili za Kusomea Malezi na Elimu ya Awali

Mkazi wa Kata ya Litumbandyosi, Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, anayetaka kusomea malezi na elimu ya watoto wadogo hana budi kutambua kwanza kwamba zipo njia mbili, zinazotofautiana kwa chuo, sifa za kujiunga na cheti. Asiyezitofautisha anaweza kuhitimu akiwa hana sifa za kazi aliyoikusudia.

Njia ya kwanza ni ya mlezi wa watoto. Mafunzo yake hutolewa katika baadhi ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden. Vyuo hivyo 54, kikiwemo cha Mbinga, vipo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, na hupokea hata watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kuendelea na masomo. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wasichana waliokatiza masomo hurejea darasani huku watoto wao wakitunzwa katika vituo vya malezi vilivyomo vyuoni.

Mhitimu wa njia hii anaweza kufanya kazi katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Akitaka kufungua kituo chake, atatakiwa kukisajili kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, akianzia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake.

Njia ya pili ni ya mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi. Mafunzo hayo hutolewa na vyuo vya ualimu, na mwombaji huchaguliwa kwa ufaulu wa mitihani ya sekondari kulingana na sifa zinazotangazwa na Wizara. Cheti cha mlezi pekee hakimpi mhitimu sifa ya ualimu.

Fani zote mbili zinahitajika. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8 katika maeneo matano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Katika wilaya ya wakulima kama Mbinga, wazazi wanaposhinda mashambani, mtoto mdogo aghalabu huachwa na ndugu yake ambaye naye ni mtoto. Mlezi aliyefunzwa huliziba pengo hilo.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji anashauriwa kukiuliza chuo mambo manne: iwapo kozi hiyo inatolewa mwaka huo, iwapo chuo kimesajiliwa kuitoa, cheti chake hutolewa na mamlaka gani, na kinamruhusu kufanya kazi ipi.