Nilichelewa Kufika Vuga

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wadogo zetu mliopo shuleni, sisi tulikariri safari za wageni kwa ajili ya mtihani tu, wala hatukufikiri kwamba njia zao zilipita kwetu. Krapf alifika Vuga mwaka 1848 kwa miguu akitokea Mombasa, akarudi tena mwaka 1852. Burton na Speke walipanda kutoka Pangani mwaka 1857, wakamkuta Simba Mwene, Kimweri ye Nyumbai, amekwisha kuzeeka. Mfalme huyo, ambaye enzi yake ilishuka milimani hata pwani, alifariki mwaka 1862. Jamaa zake wakagombea kiti, na Vuga ikapungukiwa nguvu.

Mwaka jana nilipata likizo. Nilipanda gari Mombo, nikapita kona za Soni, nikashika njia ya vumbi. Mwendo uliowachosha wageni wale siku nyingi, mimi niliumaliza asubuhi moja. Hata hivyo nilichelewa. Mzee aliyeniahidi kunionyesha palipokuwa mji wa kale nilimkuta amekwisha kuzikwa. Miaka ishirini nilikuwa nikimwambia, "Nitakuja, baba."

Wanafunzi, msingoje kustaafu. Chukueni daftari, mwende mkawaulize wazee waliobaki.