Hashiya na Kalamu ya Kioo: Mwandiko wa Mkono katika Hati za Kompyuta

Aghalabu hudhaniwa kwamba kompyuta iliufuta mwandiko wa mkono. Historia haikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika tasnifu yake ya uzamifu huko MIT, Marekani, alieleza programu iitwayo Sketchpad, ambayo mtumiaji wake alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta ya TX-2. Mwaka uliofuata shirika la RAND lilitoa kibao cha kuandikia chenye eneo la inchi 10 kwa 10. Kalamu, basi, ilikwisha kuingia katika kompyuta kabla kipanya hakijaonyeshwa hadharani mwaka 1968.

Hata hivyo, Sketchpad haikuuhifadhi mkono kama ulivyo. Mchoraji aliweka ncha mbili, na programu ikaunyosha mstari uliokuwa kati yake. Iliyothaminiwa ni jiometria. Mtetemo wa mkono haukuwa na nafasi.

Badiliko lenye maana kwa wasomi wa matini lilikuja na hati za PDF, zilizotolewa na Adobe mwaka 1993. Katika toleo la 1.3, lililoambatana na Acrobat 4 ya mwaka 1999, iliwezekana kuchora kwa wino juu ya ukurasa. Mchoro huo huhifadhiwa kama orodha ya nukta, mbali na maandishi ya asili, na huweza kubeba jina la mwandishi wake na tarehe. Ukiondolewa, ukurasa hubaki kama ulivyokuwa.

Mpango huu si mgeni kwa waliolelewa na vitabu vya Kiarabu vya pwani. Humo matini hukaa katikati, na hashiya pambizoni. Wanaohakiki miswada wanaijua pia hatari yake: mnakili asiye makini huweza kuiingiza hashiya ndani ya matini, na kizazi kinachofuata kikaisoma kama kauli ya mtunzi.

Hatari hiyo imerejea. Programu nyingi huruhusu mchoro uunganishwe na ukurasa kabisa, na hapo jina na tarehe hupotea. Kwa Kiswahili jambo hili si dogo. Katika hati za kale za herufi za Kiarabu, kasra aghalabu ilisimama kwa i na kwa e pia, hivyo "pita" na "peta" huweza kuandikwa namna moja. Anayechora alama juu ya taswira ya mswada kama huo haandiki alichokiona tu, anatoa hukumu.

Haitoshi, basi, kuuliza kama kompyuta inaupokea mkono, kwa kuwa imeupokea tangu 1963. La kuulizwa ni mkono wa nani. Mhariri anayeihifadhi hashiya mbali na matini humwachia msomaji wa kesho haki ya kumpinga. Anayeziunganisha humnyang'anya haki hiyo, wala msomaji huyo hatajua kwamba amenyang'anywa.