Nyumba za Rumonge Zilianzia Uani

Ukikaribishwa katika nyumba ya zamani mjini Rumonge, Burundi, hukai sana sebuleni. Unapitishwa ukumbini, unatokea mlango wa nyuma, na kiti unapewa uani, chini ya mwembe, jiko likifuka moshi pembeni. Hapo ndipo mchele unapochaguliwa, watoto wanaogeshwa, ndagala wanaanikwa na wazee wanasikiliza redio.

Nyumba hii ina asili mbili. Ya kwanza ni rugo la Warundi: eneo la familia lililozungushiwa uzio, mara nyingi wa mivumu. Tawi la mvumu likichomekwa ardhini huota mizizi, kwa hiyo uzio ulizidi kuwa imara kadiri ulivyozeeka. Ng'ombe walilala mbele, nyumba na maghala yalikaa ndani, na migomba ilizunguka pande zote. Mtu alitoka mlangoni akawa tayari yuko shambani.

Asili ya pili ilikuja kwa maji kutoka Ujiji. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walisambaa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mmoja wao, Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kuitia Burundi mkononi akazuiwa na majeshi ya mfalme Mwezi Gisabo. Yeye alishindwa, lakini nyumba ya Kiswahili ilipata makao ufukweni: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma.

Ramani hiyo inaufaa ukanda huu wa ziwani, yaani Imbo, kuliko watu wengi wanavyodhani. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda milimani, na usiku hugeuka ukateremka. Mlango wa mbele na wa uani ukielekeana, hewa hupita ukumbini saa zote, tena ile ya uani imekwisha kupozwa na kivuli. Hakuna feni inayoshinda hapo.

Miti ya uani ilikuwa pia kumbukumbu, na mwaka 1972 jambo hili lilipata uzito mkubwa. Aprili 29 uasi ulizuka ukanda huu, Rumonge na Nyanza-Lac, ukaua watu wengi. Ukandamizaji wa jeshi uliofuata uliua wengi zaidi, na watu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Viwanja vyao walipewa wengine. Walipoanza kurudi kwa wingi baada ya mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, nyumba za udongo zilikuwa zimekwisha kubomoka. Iliyobaki ni miembe na michikichi. Mtu alionyesha mti uliopandwa na baba yake, na chini ya mti uleule ilikuwapo familia iliyoishi hapo miaka 30, nayo imepanda yake. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ililazimika kuamua kesi za namna hiyo, na machungu yake hayajaisha.

Waliokosa pa kurudi walijengewa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara. Paa lilipatikana, na hilo si dogo kwa mtu aliyetoka kambini. Lakini nyumba zilipangwa kwa mistari juu ya viwanja vidogo, na pa kulima pakawa mbali. Naamini kama mpimaji angeanza na ua, kisha nyumba, familia zile zingepumua mapema zaidi.

Ziwa nalo lina neno lake. Mwaka 1878 lilifurika, likafungua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, kisha maji yakashuka takriban mita 10 na kuacha ufuo mpana. Miaka ya karibuni limepanda tena, na mwaka 2024 liliingia majumbani, Rumonge ikiwamo. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 ziachwe bila ujenzi kutoka ukingoni, na nyumba nyingi zilikuwa ndani ya mstari huo.

Sasa wanaohama ufukweni wanajenga juu zaidi. Wengi wanaanza na ukuta wa matofali na geti, kisha kiwanja kizima kinasakafiwa kwa saruji, maji ya mvua yanakosa pa kuzama na joto linapanda hadi vyumbani. Mwembe wa mbegu huchukua miaka mitano au zaidi kuzaa. Upandwe siku ileile msingi unapochimbwa, upande wa jiko, mbali kidogo na ukuta ili mizizi isiupasue, na saruji iishie kwenye baraza.