Mashine Haiombi Udhuru

Nilipotakiwa kutafuta Kiswahili cha mashine za michezo "zilizostaafu", kalamu iligoma kwenye kitenzi chenyewe. Kustaafu tulikitoa kwa Waarabu, na kwao mzizi wake ni kuomba udhuru: mtumishi anaomba aachiliwe kazi. Mwalimu anastaafu, karani anastaafu. Mashine ya gemu haijawahi kumwomba mtu kitu. Siku sarafu zinapopungua huchomolewa waya, ikasukumwa nje kwa toroli.

Kumbi za familia zenye mashine hizi ni mambo ya Marekani. Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya gemu ya Atari, alifungua ukumbi wa pizza na gemu mjini San Jose mwaka 1977, na wengi wakamfuata. Lakini biashara yenyewe ni kongwe kuliko hapo, na mara nyingi mwenye mashine si mwenye ukumbi. Ni mtu aliyezitawanya mashine zake kwenye baa na mikahawa, akawa anapita kufungua visanduku na kugawana sarafu na mwenye eneo. Mwenye daladala angemwelewa bila mkalimani. Gari lipo barabarani, linaleta hesabu. Likiacha kuleta hesabu, liko juu ya mawe. Fundi wangu huniambia, "Hili halijafa, bosi, liko juu ya mawe tu," na mimi hujua kwamba muda si mrefu atakuja mtu kuuliza bei ya taa zake.

Ila kabla ya kuzika, tumjue maiti kwa jina. Ile mashine yenye ubao ulioinama na mpira wa chuma unaoteremka ukigonga huku na kule, Waingereza wameiita kwa misumari iliyokuwa ikiuelekeza mpira zamani, misumari ambayo imebaki michache mno. Wafaransa na Wajerumani wameiita kwa vile vibawa viwili vya chini vinavyourudisha mpira juu, ingawa vibawa vilikuja 1947 tu, kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb iitwayo Humpty Dumpty. Wote wamekamata kiungo, wakakiacha kinachokimbia. Mimi nasema mashine ya gololi. Gololi yenyewe ina gramu 80 na kipenyo cha milimita 27, na mtoto wa Kiswahili akiiona hatauliza jina.

Kabla vibawa hivyo havijaja, kesi ya maneno ilikuwa imeshaanza. Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliziita mashine za gololi kamari, polisi wakazikusanya na kuzivunja kwa nyundo. Marufuku ilidumu hadi 1976, pale mchezaji aitwaye Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akatangaza gololi itapita wapi, nayo ikapita hapohapo. Kilichoamuliwa siku ile ni msamiati: huu ni mchezo wa bahati au wa ustadi? Sisi tuna "michezo ya kubahatisha", neno la kisheria lenye mdomo mpana. Kenya ilipozichoma moto mashine za kamari za mitaani mwaka 2018, hakuna aliyeleta gololi ya kuzitetea, na sidhani kama ingesaidia. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba mashine inaweza kufa kwa kuitwa jina fulani.

Iliyosalimika na nyundo huishia kwa mafundi, na hapo lugha ya gereji inatutosha kabisa. Waingereza humwita "mtoaji" yule anayetolewa viungo ili mwenzake apone, kama vile alitia saini hospitalini. Sisi tunasema imechinjwa. Vibawa kwa huyu, kioo kwa yule, koili kwenye ndoo ya spea. Kabati za gemu za video zilipata njia nyingine: mwaka 1985 Wajapani walisanifisha plagi ya ndani, hivyo ukichomoa bodi moja na kupachika nyingine, kabati lilelile linavaa mchezo mpya. Mashine imevishwa. Anayekwangua rangi hukuta jina la mwanzo chini, kama ukuta wa duka uliobadilisha wapangaji.

Na kioo hakisahau. Pac-Man ya mwaka 1980 ilichora njia zake palepale, usiku na mchana, hadi zikaganda kwenye runinga ile ya chogo. Ukiizima bado unaziona. Wapo wanaosema kioo "kimeungua". Naona hilo ni neno la ajali. Alama inayoletwa na kurudia tendo lilelile kila siku tunayo tayari, ipo kwenye paji la uso la mswalihina: sijida.

Kuna jingine lililonisumbua wiki nzima. Baadhi ya bodi za kampuni ya Capcom za miaka ya 1990 zilitunza ufunguo wa mchezo kwenye kumbukumbu inayolishwa na betri ndogo. Betri ikiisha, ufunguo unafutika, mchezo hausomeki tena. Wapenzi wa mashine huiita "betri ya kujiua". Lakini bodi haijiui. Inakufa na siri yake, kama wazee fulani wa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wadadisi walilivunja fumbo lile, na bodi zilizozikwa zikaanza kusema.

Las Vegas kuna ukumbi ulioanzishwa na Tim Arnold, umejaa mashine za gololi za vizazi vingi, nazo zinachezwa kwa sarafu. Ipo pia ile iitwayo The Addams Family ya 1992, toleo lililouzwa zaidi ya mashine 20,000. Ukiitikisa kupita kiasi, pendulamu iliyo ndani inagusa pete yake, vibawa vinalegea, gololi hiyo umeipoteza. Kiingereza husema imeinama. Imesusa, jamani! Mashine inayosusa haijastaafu. Imehamishwa kituo.

Kinachotoka pale kila mara ni gololi zenyewe. Gololi ikipata mikwaruzo inaukwangua ubao, kwa hiyo fundi huitoa na kuweka mpya, ya zamani ikaenda kwenye kopo. Kopo zima, na hakuna mtoto wa Ilala karibu.